Chumba cha Rutayisire

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu akiitwa kwenye ndege ya kuhamia ng'ambo, hasemi. Anaendelea kuchota maji. Anaendelea kupanda maharage ambayo hatayavuna, na akiulizwa habari anajibu kwamba wapo tu. Siku moja majirani wanaamka na kukuta mlango umefungwa kwa kamba, na hapo ndipo wanapojua. Hakuna anayelaumu. Kila mmoja anafahamu kwamba zamu yake ikifika atafanya vivyo hivyo.

Pacifique alifundishwa kanuni hiyo na macho yake mwenyewe. Appolinaire, aliyekaa upande wa pili wa bomba la maji, alipata safari ya Kanada. Akachinja mbuzi, akaalika watu. Wiki haikupita, barua isiyo na jina ikafika ofisini ikidai kwamba mke aliyeandikwa naye ni wa kuazima. Dosiye yake, yaani faili la safari, ikasimama. Mpaka leo Appolinaire hukaa kwenye jiwe karibu na bomba na kusalimia watu kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayeogopa kukohoa.

Kwa hiyo ofisi ya safari ilipompigia Pacifique simu na kumwambia ajiandae kuondoka mwisho wa mwezi, yeye na mkewe Yvette, mtoto wao Aurore na Pélagie, mama mzazi wa Pacifique, huyo Pélagie alifunga mlango kwanza, kisha ndipo akamshukuru Mungu.

"Tangu sasa," Pélagie alisema, "mu hii nyumba hakuna mutu anaenda fasi yoyote. Umesikia, mama Aurore?"

"Nimesikia, mama," Yvette alijibu.

"Na weye, mwenye telefone?"

"Nimesikia."

"Inje kuko masikio mingi. Hata ile mbuzi ya Appolinaire ilikuwa na masikio, na tuliikula."

Walicheka kwa viganja mdomoni. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja katika nyumba ile.

Pacifique alikuwa na meza ya simu katika soko la Base Camp. Alibadilisha vioo, aliuza vifurushi, na zaidi ya yote alizinyamazisha simu zinazokula. Ndivyo watu walivyozieleza. "Papa Aurore, telefone yangu inanikula." Mtu alikuwa amebonyeza kitu kilichoandikwa kuwa ni bure kwa wiki moja. Wiki ilipita bila yeye kujua, na tangu hapo kila mwezi salio lake likamegwa. Wengi walidhani wamejiokoa kwa kuifuta programu kwenye simu. Pacifique aliwaeleza kwa subira kwamba kuifuta programu si kuvunja mkataba. Umemfukuza mgeni, lakini sahani yake bado inapakuliwa. Kisha aliingia mahali pa malipo, akaonyesha orodha ya abonema zote, yaani huduma zinazokata pesa kila mwezi, akabonyeza neno la kusitisha mbele ya macho ya mwenye simu.

Walikuwapo pia waliotaka abonema kwa hiari yao. Hao hawakuwa na kadi za benki, na laini zao nyingi zilisajiliwa kwa majina ya watu wengine. Pacifique aliwaweka chini ya akaunti yake. Yeye alilipa huko juu, wao wakamlipa mezani. Chini ya jina lake yalikuwapo masomo ya Kiingereza, nyimbo za kwaya, Biblia ya kusikilizwa, na ghala la mtandaoni la kuhifadhia sauti na picha. Ghala hilo lilikuwa na vyumba sita chini ya mlipaji mmoja. Kila chumba kilikuwa na mwenyewe na namba yake ya siri, lakini mlango mkubwa ulikuwa wa Pacifique.

Chumba kimoja kilikuwa cha Kanyange.

Kanyange aliuza maziwa. Kila asubuhi aliyapokea kutoka kwa wafugaji wa Rugaaga na kuyapima kwa kikombe pembeni mwa soko. Alitoka kwenye milima iliyo juu ya Uvira, huko Kongo. Pacifique alitoka chini, kando ya ziwa. Huko kwao, watu wa juu na watu wa chini walikuwa wamefikishwa mahali pa kutosalimiana. Nakivale walipangwa kwenye mstari mmoja wa viwanja, na maziwa yakafanya kazi iliyowashinda wakubwa.

Mwanawe Rutayisire alibaki milimani na ng'ombe. Kila wiki alipanda kilima chenye mtandao na kumtumia mama yake sauti. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisalimu, akauliza miguu ya mama inaendeleaje, kisha akataja ng'ombe waliobaki, jina kwa jina, mama ajue nani yupo na nani amenyang'anywa. Sauti za mwanzo zilikuwa ndefu. Baadaye zikafupika. Katika ile ya mwisho alitaja Gaju na Bihogo peke yao. Akacheka, akasema hao ni wazee, hakuna mwizi atakayewataka. Nyuma yake ulisikika upepo, na ng'ombe mmoja akalia. Kilichofuata baada ya hapo ni simu ya mtu mwingine.

Hakukuwa na mazishi. Kijiji kilichomwa, na hakuna aliyeweza kurudi kutafuta mwili.

"Benzangu bako na kaburi," Kanyange alimwambia Pacifique siku alipokuja kuomba sauti zile ziwekwe mahali pa usalama. "Miye niko na telefone. Na telefone inaibiwaka."

Simu yenyewe ilikuwa ndogo na imejaa. Pacifique alizihamisha sauti zote ghalani, moja baada ya nyingine, akizisikiliza ili asiruke hata moja. Kisha alimfundisha Kanyange kufungua chumba chake. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, mama huyo alikaa nyuma ya nyumba yake, simu imebanwa sikioni, na majirani walijua kwamba saa hiyo haendewi.

Wasafiri waliitwa Mbarara kwa vipimo vya mwisho na kwa somo la maisha ya ugenini. Mwalimu wa somo alikuwa mkali na mwenye haraka. Alisema kwamba huko waendako jina la mtu ndilo mali yake, na mkataba ulioachwa ukitembea humfuata mwenyewe hadi mlangoni. "Funga kila kitu kabla ya kupanda ndege," alisema. Pacifique alilichukua neno hilo kama agizo la daktari. Kwa asili alikuwa mtu wa kufunga vizuri alichokifungua.

Aliketi kwenye benchi nje ya zahanati, akafungua orodha ya abonema, akaanza. Masomo ya Kiingereza yakafungwa. Nyimbo za kwaya zikafungwa. Biblia nayo ikafungwa, na mwenyewe angenung'unika siku mbili kisha arudie ya karatasi. Alipofika kwenye ghala, skrini ilitoa maneno mengi kuliko mengine yote. Ilisema kwamba akisitisha, vyumba vyote vitafungwa papo hapo. Vitu vilivyomo vitatunzwa kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo vitafutwa, na havitarudishwa.

Pacifique aliirudisha simu mfukoni. Akatembea hadi mtaa wa Ruharo, kwa fundi aitwaye Tumwesigye, ambaye alimuuzia vioo vya simu kwa miaka.

"Karibu, ssebo! Mtu wa Nakivale! Leo wanakanyaga simu ngapi huko?"

"Leo sikuleta kioo. Nimeleta ulizo."

Alimweleza. Tumwesigye alisoma maneno ya skrini, akakwaruza kidevu.

"Hii iko rahisi. Leta simu ya huyo mama. Namba ya kufungua inakuja kwa simu yake, hapana kwa yako. Naweka sauti yote kwa memori kadi, wewe unakunywa chai, kazi imeisha."

"Na bila telefone yake?"

"Bila simu yake? Ssebo, wewe ni rafiki yake ama ni mwizi?"

"Rafiki."

"Basi rafiki anaenda, anasema, mama, leta simu. Shida iko wapi?"

Pacifique alitazama barabarani. Tumwesigye alimtazama, kisha akautazama mfuko wa karatasi za vipimo aliokuwa ameubana kwapani. Mjini Mbarara watu wameizoea mifuko hiyo ya wanaohamia ng'ambo. Fundi akashusha sauti.

"Aaa. Nyinyi watu. Munaenda mbinguni na bado munajificha."

"Hujui kule kwetu."

"Sijui. Sasa sikiliza. Laini yako ya hapa itakufa ukienda, na malipo yatakataa. Kwa hiyo funga siku ya mwisho kabisa. Wanakupatia mwezi. Ukifika kule, fungua tena na kadi ya kule. Mama atafikiri ni mtandao tu, anangoja kidogo, anasikia mtoto wake tena. Hakuna mtu analia."

Gari la kurudi lilipopita Masha, ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wakivuka barabara, na dereva akazima injini kuwangoja. Pacifique aliwatazama akahisi kifua chake kimefunguka. Angefunga, angesafiri, angefungua. Hakuna ambaye angejua kitu. Njia ilikuwa nyepesi mno, na mtu mwenye hofu hapimi uzito wa njia anayoonyeshwa.

Hata hivyo kesho yake moyo haukutulia. Alichukua kibuyu cha maziwa cha Kanyange kilichokuwa nyumbani kwake tangu juma lililopita, akatia sukari ndani, akaenda. Kwa watu wa Kanyange, chombo cha maziwa hakirudishwi kitupu. Ukikirudisha kitupu umesema kwamba undugu umekwisha.

Kanyange alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitikisa, akatabasamu kusikia sukari.

"Papa Aurore, utanifanya ninone."

"Mama, niko na ombi. Unipe telefone yako siku moja. Niisafishe."

"Kuisafisha? Imelewa?"

"Imejaa. Inakuwa nzito."

"Hata miye niko muzito, na hakuna mutu ananisafisha." Alicheka, kisha akaendelea kusuuza vikombe. "Telefone ya mama Gaudiose ilienda kusafishwa. Ilirudi inang'aa kama bibi harusi, na mu tumbo hamuna kitu."

"Haikuwa kwangu ile."

"Haikuwa kwako, kweli."

Akaacha kusuuza. Akajifuta mikono kwenye kitenge taratibu, kidole kwa kidole, na kumtazama.

"Weye hauombake telefone, mwanangu. Batu njo banakuleteaka. Uko na safari?"

Pacifique alicheka, lakini cheko lilitoka limechelewa.

"Kama iko, uniambie," Kanyange alisema. "Nitakuombea tu. Hii mudomo imezika mambo mingi. Hata yako itapata fasi."

Maneno hayo yalikuwa mlango, na Pacifique aliuona umefunguliwa mbele yake. Angeweza kusema ndiyo. Lakini alimwona Appolinaire kwenye jiwe lake. Alimsikia mama yake. Na chini ya hayo kulikuwa na jambo lingine ambalo hangelitamka mbele ya mtu: hofu ya zamani ya watu wa chini juu ya watu wa milimani, aliyodhani aliiacha mpakani, ilikuwa imevuka pamoja naye.

"Sina safari, mama. Miye niende wapi? Ni kazi tu."

"Uape."

"Haki ya Mungu."

Kanyange aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Basi telefone ibaki. Kama hauendi, kuko haraka gani?"

Waliondoka kabla jua halijachomoza. Nyumba walikuwa wameshaiuza kimya kwa familia ya wageni waliofika karibuni, na mlango waliufunga kwa kamba kama desturi. Waliwekwa katika nyumba ya wasafiri Kampala. Alasiri ya siku iliyotangulia ndege, Pacifique aliketi juu ya sanduku lake, akafungua orodha. Ilibaki abonema moja. Skrini ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza.

Asubuhi yake mtumishi wa ofisi ya safari alisimama mbele ya wasafiri akiwa na karatasi mkononi. Hakuisoma. Alisema tu kwamba nchi iliyokuwa iwapokee imesimamisha safari zote, na kwamba wangoje.

Wakangoja. Watoto walivaa viatu vipya kila asubuhi na kuvuliwa kila jioni, mpaka Yvette akaviweka chini ya kitanda. Mtu mmoja alisema ni suala la wiki moja. Mwingine alikuwa na binamu huko aliyesikia kwamba ndege zitaanza na wenye vipimo vipya. Hakuna aliyekuwa na neno la hakika, kwa hiyo kila neno liliaminiwa.

Kila siku Pacifique aliifungua simu yake. Ghala lilikuwa pale pale, limefungwa, na chini yake kitufe chenye maneno mawili: Anzisha tena. Laini yake ilikuwa hai. Hela ya kulipia ilikuwamo. Alimweleza mama yake.

"Usifungue," Pélagie alisema.

"Ni ya mama Kanyange. Ni kitu kidogo."

"Ni kitu ya Nakivale. Ulikifunga ili twende. Ukikifungua unaita Nakivale, na Nakivale ikiitwa inaitikaka."

Yvette alikuwa akimsuka Aurore nywele. Kwa kawaida hakumpinga mama mkwe. Siku hiyo alisema bila kuinua macho, "Mama, ndege haijui mambo ya telefone."

"Na mbuzi ya Appolinaire ilijua ndege?"

Yvette akaendelea kusuka.

Pacifique alikuwa amesoma. Alimaliza sekondari Uvira, na mambo ya kuita na kuitwa hakuyaamini. Lakini hakuwa tayari kuyajaribu. Tena alijua kitu ambacho mama yake hakukisema. Kukibonyeza kitufe kile kulikuwa kukiri kwamba hawaendi. Siku ambayo kidole chake kingegusa skrini, yeye mwenyewe angekuwa ameshairarua tiketi. Kwa hiyo alisema kesho. Kesho yake akasema kesho. Alikumbuka sauti ya upepo na kicheko, akaifunga simu, akaenda kusimama na wanaume wengine getini kusikiliza tetesi.

Siku moja aliifungua na kitufe hakikuwapo.

Hakumwambia mtu. Baada ya hapo basi lililetwa, wakaambiwa wapakie mizigo. Walipoona linashika barabara ya magharibi badala ya ile ya uwanja wa ndege wa Entebbe, Pélagie aliuinamisha uso wake kwenye kitenge na hakuuinua mpaka Mbarara.

Nakivale iliwapokea bila kelele. Katika nyumba yao kulikuwa na nepi za mtoto wa wengine zimeanikwa kwenye kamba ileile waliyofungia mlango. Meza ya simu ilikuwa imechukuliwa na kijana aliyeuza chapati. Walipewa turubai na miti, wakajenga mwisho wa mstari. Wa kwanza kufika alikuwa Appolinaire. Aliketi chini kando ya Pacifique, akakaa sana, bila kumuuliza habari. Alikuwa mtu pekee Nakivale aliyejua kukaa namna hiyo.

Kisha akaja Kanyange, kibuyu cha maziwa mkononi. Alikishusha mbele ya Pélagie, akashikana mikono na kila mmoja wao, akaketi kwenye dumu.

"Poleni," alisema. "Siwezi kusema karibuni. Hakuna mutu anakaribishwaka mara mbili fasi kama hii."

"Asante, mama," Yvette alisema.

Akamgeukia Pacifique. "Nilijua. Siku ile ya telefone nilijua. Nilipiga magoti ndege yenu iruke."

Pacifique alitazama mikono yake.

"Usione haya. Hata miye ningeapa." Alifungua fundo la kitenge, akatoa simu iliyofungwa ndani ya kitambaa safi. "Ila sauti imekataa. Jumapili ile mulipoenda niliweka namba, ikasema chumba kimefungwa. Nikasema, sawa, mwenye mulango ameenda na ufunguo. Nikaogopa kuipeleka kwa mutu mwingine, ataharibu. Nimeilinda. Haijaguswa."

Alimkabidhi.

"Leo niliposikia mumerudi, nililia kwa ajili yenu. Kisha, Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo." Aliziba mdomo kwa kiganja, akicheka kwa aibu. "Fungua, mwanangu."

Fundi wa simu ana uongo mwingi wa kazi. Mtandao ni mbaya. Programu inajisasisha. Betri imechoka, njoo kesho. Pacifique aliujua wote, na mara nyingi aliutumia kwa jambo dogo. Aliishika simu ile yenye kioo kilichopasuka kona, akaiunganisha na ghala, akalipa upya kwa laini yake. Mikono ilifanya kazi bila yeye. Mlango mkubwa ukafunguka. Kanyange akasogea, akaingiza namba yake ya siri kwa kidole cha shahada, akiibonyeza kila tarakimu kwa nguvu. Chumba nacho kikafunguka.

Kilikuwa cheupe. Katikati palikuwa na maneno yanayomkaribisha mteja mpya na kumwalika aanze kuhifadhi.

"Inasema nini?" Kanyange aliuliza.

"Haimo, mama."

"Haimo humu? Iko wapi?"

"Haiko fasi yoyote. Nilifunga mukataba mbele ya safari. Walinipa mwezi wa kuufungua tena. Mwezi uliisha tukiwa Kampala."

Kanyange aliifikiria habari hiyo. Akamtafutia mahali pa kupita.

"Haukujua unaisha. Mulikuwa mu mateso."

Angeweza kuinamisha kichwa tu, na mama yule angekubali. Pélagie alikuwa amemkazia macho, akimwomba ainamishe.

"Nilijua," Pacifique alisema.

"Uliona unapita?"

"Kila siku."

Nje, mtu alikuwa akigonga kigingi cha turubai lingine.

"Na ile siku uliomba telefone," Kanyange alisema polepole, "ilikuwa kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Neno moja tu lingetosha."

"Ndiyo, mama."

Aliichukua simu kutoka mikononi mwake. Akaifuta kioo kwa ncha ya kitenge, ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akaanza kutaja majina ya ng'ombe kwa sauti ndogo, kwa mfuatano wa zile sauti za mwanzo zilizokuwa ndefu. "Gaju. Bihogo. Bugondo. Rwirungu." Akakwama. Midomo ikaendelea kutembea bila kutoa kitu.

"Nyuma ya Rwirungu alikuwa anataja nani?"

Hakuuliza kwa kulaumu. Aliuliza kweli. Mbali na yeye, ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuzisikiliza sauti zile tangu mwanzo hadi mwisho, siku ya kuzihamisha, na mtu huyo alikuwa mbele yake. Pacifique alitafuta. Alipata upepo. Alipata kicheko na namna kijana yule alivyovuta pumzi baada ya kupanda kilima. Jina halikuja.

"Sikumbuki," alisema.

Kanyange aliirudisha simu ndani ya kitambaa, akafunga fundo, akainuka. Alimuaga Pélagie kwa heshima, akamgusa Aurore kichwani, akashika njia ya katikati ya maturubai. Hakutazama nyuma, wala hakuharakisha.

Yvette alimmiminia mtoto maziwa. Wengine hawakuyagusa, na jioni yaliyobaki yakaganda. Akakisuuza kibuyu, akakitundika kwenye mti wa turubai kikauke.

Kimekauka zamani. Sukari ipo sokoni, na njia ya kwa Kanyange si ndefu. Kila asubuhi Pacifique hukishusha, hukitazama ndani, kisha hukitundika tena pale pale.